Mteremko wa Muundi

Kazi ya kupasua magoti ya mbwa imenifundisha kutenganisha maswali mawili ambayo hata madaktari wenzangu huyachanganya: kwa nini kano iliyokatika inamlemaza mbwa, na kwa nini ilikatika. Umbo la mfupa linalijibu vizuri swali la kwanza. La pili linalijibu nusunusu tu. Mbwa husimama goti likiwa limekunjika, na sehemu ya juu ya muundi, pale fupa la paja linapokalia, imeinamia nyuma kwa nyuzi 20 na zaidi kidogo. Kila anapokanyaga, uzito hulisukuma paja nyuma juu ya mteremko huo na muundi huchomoza mbele. Kinachouzuia ni kano ya msalaba ya mbele. Ikikatika, shika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, sukuma, utausikia muundi ukiteleza chini ya vidole. Barclay Slocum, daktari wa wanyama wa Oregon, Marekani, aliieleza nguvu hiyo mwaka 1983. Mwaka 1993 akachapisha upasuaji wa kukata muundi kwa msumeno uliopinda kama upinde na kuzungusha kipande cha juu mpaka mteremko ubaki nyuzi kama 5, kisha kukifunga kwa bamba na skrubu. Kano yenyewe haiungwi, na mbwa wengi hutembea vizuri.

Hapo wengi hukata shauri kwamba mteremko ndio ugonjwa. Siwafuati. Mwavuli humkinga mtu na mvua, lakini hakuna asemaye mvua ilinyesha kwa kukosa mwavuli. Labrador wenye kano zilizokatika walipolinganishwa na Labrador wazima, katika utafiti uliochapishwa 2003, pembe zao zilikuwa karibu sawa. Greyhound naye ana mteremko, ila ni nadra kano yake kukatika. Ni kweli, utafiti wa 2001 ulipata mteremko mkali zaidi kwa mbwa walioumia, na siupuuzi. Lakini mguu ukilazwa vibaya kidogo kwenye meza ya eksirei, pembe inayosomeka hubadilika, na wapimaji wawili wa picha ileile hutofautiana kwa nyuzi kadhaa. Tofauti ndogo haibebi hukumu kubwa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la mguu wa pili, ambao mara nyingi hufuata ndani ya miaka michache: miguu miwili, umbo moja. Sawa, lakini mbwa huyo ana pia nasaba moja, unene mmoja na nyuzi za kano za aina moja, na nyuzi hizo huonekana zimechakaa kabla hazijakatika. Mfupa alikuwa nao tangu alipomaliza kukua. Uchakavu ndio uliokuja baadaye. Ninachokubali ni kwamba mteremko uliopita kiasi, nyuzi 35 na kuendelea, kama tunaouona kwa baadhi ya terrier wadogo na kwa mbwa wengine waliohasiwa kabla ya kukomaa, una lawama zake. Kwa waliobaki, mwenye mbwa akitaka tuukate muundi wa mguu mzima ili tuwahi, nakataa, na mazungumzo yetu yanahamia kwenye mizani na kiasi cha chakula.