Upelelezi Haujakamilika

Kuna maneno mawili yaliyomkaa shangazi yangu kichwani kuliko hata sala: upelelezi haujakamilika.

Mwanawe, ambaye ni binamu yangu, alishitakiwa kwa mauaji. Kosa hilo halina dhamana. Mahakama ya wilaya haina uwezo wa kulisikiliza. Yenyewe huitaja tu kesi mpaka upelelezi uishe, ndipo iende Mahakama Kuu. Basi kila baada ya siku 14 karandinga lilimleta. Mwendesha mashtaka alisimama, akasema yale maneno mawili, hakimu akaandika tarehe nyingine, karandinga likaondoka. Dakika tano hazifiki. Na shangazi alikuwa ameamka saa kumi alfajiri kuwahi basi.

Mwaka wa kwanza nilimsindikiza. Wa pili nikaanza visingizio, mara homa, mara kibarua. Ukweli nitausema hapa: nilianza kuamini kuwa kaka kaua kweli. Nilijiuliza, mtu asiye na kosa atakaaje ndani muda wote huo? Hakuna shahidi aliyesimama, hakuna hukumu iliyosomwa, lakini mimi nilikwisha mhukumu kwa kuhesabu miezi.

Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na kosa. Ibara ya 107A inaziagiza mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Nilizisoma baadaye sana, nikaona kumbe ni pacha: hiyo ya pili ikivunjwa, ya kwanza nayo huvunjika, tena huanzia mioyoni mwa ndugu.

Mwaka wa nne, asubuhi moja, yakaja maneno mapya: Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea na kesi. Basi, imekwisha. Hakuna aliyemwambia huna hatia, wala pole.

Binti yake alimwacha ananyonya, akamkuta anasoma shule ya vidudu. Mtoto akamwamkia kwa adabu, "Shikamoo, anko." Kaka akaitikia marahaba, kisha akageukia ukutani.

Jioni alinifuata kibarazani.

"We bwana, ulipotelea wapi?"

"Maisha tu, kaka," nikajibu, macho chini.

Mpaka leo sijamwomba radhi. Jarida hili likitoka nitampelekea mwenyewe kwa mkono wangu, asome, halafu anihukumu. Naomba tu asinicheleweshe.