Neno la Kiingereza la Kukaa

Wengi wenu mnajifunza Kiingereza. Basi leo twawaletea neno moja tu, "abide", kwa maana lilitugharimu.

Tulipokuwa watoto hapa Kifungilo tulilijua kwa wimbo. Jioni, ukungu uliposhuka kutoka msituni nasi tumeuzunguka moto, tuliimba "Abide with Me", wimbo alioutunga Henry Francis Lyte, kasisi wa Brixham katika Uingereza. Aliutunga mwaka 1847 hali ni mgonjwa wa kifua, akafa mwaka ule ule. Tuliambiwa kwamba maneno hayo ni kumwomba Bwana akae nasi. Basi kwetu "abide" ilikuwa kukaa, wala hatukutaka kujua zaidi.

Ndipo baba alipoletewa barua ya Kiingereza juu ya shamba alilokodi. Tuliisoma kwa shida, lakini tulipoliona neno letu tulifurahi, tukamwambia, "Baba, wasema tukae." Baba akapanda miche arobaini ya mibuni. Baada ya miezi mitatu mwenye shamba akaja na mtu wa kumsomea barua ile vizuri. Ilisema kwamba wapangaji washike masharti, na sharti la kwanza ni kutopanda miti ya kudumu. Miche yote iling'olewa. Baba hakutugombeza, aliuliza tu, "Neno lile hamkulijua?"

Kumbe neno hili lina matawi. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "abidan", maana yake kungoja. Angojaye hukaa mahali, ndiyo maana likawa kukaa. Na "abode", yaani makao, limetoka humo. Tena angojaye sana huvumilia: Mwingereza akisema "I cannot abide him", asema hawezi kumstahimili mtu yule. Na likifuatwa na "by", ni kushika neno, ahadi au sheria bila kuiacha. Hilo "by" ndilo tuliloliruka, tukidhani ni dogo mno. Siku hizi kwa kukaa tu Waingereza husema "stay", neno lililowajia kwa Kifaransa. "Abide" la kukaa limebaki zaidi katika nyimbo na Biblia yao ya mwaka 1611.

Baba alipanda viazi katika mashimo yale yale ya mibuni. Wimbo aliupenda vile vile, ila kila tulipofika kwenye neno lile alitutazama.