Inaenea

Mgeni anayefika Lubumbashi na Kiswahili cha vitabuni hujikwaa mapema kwenye kitenzi kutosha. Kwake, kitu kinachotosha ni kile ambacho hakijapungua. Kwetu, kutosha ni kuondoa kitu mahali kilipo: unatosha maji katika ndoo, unatosha viatu mlangoni. Kitenzi hicho kimetokana na kutoka, kama kuwasha kulivyotokana na kuwaka. Kitu kisipopungua, sisi tunasema kinaenea. Tofauti hiyo niliijifunza darasani mwaka wa kwanza, nikapata alama nzuri. Uzito wake niliujua nyumbani mwaka jana, siku niliyokuwa na dola 60 mfukoni.

Mama yangu anauza makala huko Katuba. Hununua gunia, akaligawa katika mafungu madogo, na faida ya mafungu hayo ndiyo inayolisha watu watano tangu baba afariki. Minervali yangu hulipwa vipande vipande. Mwaka jana mitihani ilikaribia na kipande cha mwisho kilikuwa hakijapatikana. Asiyemaliza kulipa haingii mtihani. Wengi wenu mnaijua foleni ile ya kuomba siku chache zaidi.

Ndipo jamaa mmoja wa idara nyingine aliponitafuta. Alikuwa ameshapata kazi mjini: pesa anazo, wakati hana. Alitaka nimwandikie memwari yote, kuanzia utangulizi hadi hitimisho, kwa dola 150. Alinipa 60 za kutangulia nami nikazipokea. Nilijiambia yale tunayojiambia sote: nchi hii inaenda kwa Artikle 15, kila mtu ajitafutie, tena simwibii mtu, nauza jasho langu. Usiku nilisali na kumshukuru Mungu kwa kunifungulia mlango. Sala hiyo inaniaibisha leo kuliko pesa yenyewe.

Kesho yake niliiweka pesa mezani. Mama aliitazama bila kuigusa.

«Ulitosha wapi hii franga?»

Nilieleza nusu, halafu nikaeleza yote. Hakupandisha sauti.

«Urudishe. Yenye iko mu nyumba inaenea.»

Nyumbani kulikuwa na unga wa siku mbili na lengalenga. Haikuenea kwa Kiswahili chochote ninachokijua. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba sisi Wakristo tumefundishwa kuridhika ili wengine washibe kwa amani, na kwamba mahubiri ya uvumilivu huwafikia maskini tu. Sijawahi kumwambia mama maneno makali kama hayo. Alingoja nimalize.

«Najua ni nguvu,» alisema. «Lakini ile kazi ni bongo.»

Usiku huo nilifungua Waraka kwa Wafilipi, sura ya 4, kwa hasira zaidi kuliko ibada. Nilitaka kuona kama Paulo kweli anatuambia tunyamaze. Katika mstari wa 11 anatumia neno la Kigiriki autarkês. Wanafalsafa wa Kistoa walilipenda: kwao lilimtaja mtu anayejitegemea nafsini mwake, asiyemhitaji mwingine. Biblia ya Kiswahili niliyokuwa nayo imeweka hapo neno radhi. Mambo matatu yalinisimamisha. Kwanza, Paulo anasema amejifunza hali hiyo. Kwa hiyo hakuzaliwa nayo. Pili, anaandika akiwa kifungoni, na hasemi popote kwamba minyororo ni mizuri. Tatu, mistari michache baadaye anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake na kwa zawadi waliyomtumia kwa mkono wa Epafrodito. Mtu huyo anajiita autarkês huku akipokea msaada. Ameliazima neno la watu wasiohitaji mtu, akalitia ndani ya barua ya shukrani.

Nadhani hapo ndipo nilipomwelewa mama. Nilikuwa nimemsikia akisema umaskini wetu ni sawa. Yeye alikuwa akisema kwamba umaskini, hata ukiwa wa dhuluma, haumpi mtoto wake ruhusa ya kusema uongo. Mtu anaweza kuilalamikia njaa yake mbele ya Mungu na mbele ya serikali, na bado akakataa kula kutoka mkono fulani. Kuridhika kwa namna hiyo hakumnyamazishi mtu. Kunamwachia sauti safi ya kulalamika nayo.

Nilirudisha dola 60. Jamaa alicheka, na baada ya wiki moja alikuwa ameshapata mwandishi mwingine. Mitihani ya kikao cha kwanza ilinipita. Mama alipeleka shida yetu kwa wanawake wenzake wa likelemba, na mmoja wao, ambaye zamu ilikuwa yake, akamwachia. Nililipa, nikaingia kikao cha pili, nikashinda masomo yote isipokuwa moja, ambalo bado ninalibeba. Jamaa ameshatetea memwari. Siku ya sherehe yake nilipita nje ya ukumbi nikasikia vigelegele, na sitawadanganya kwamba moyo wangu ulitulia.

Nilipokuwa ninaandika makala haya nilimwuliza mama kama siku ile, kweli, iliyokuwamo nyumbani ilienea. Alikuwa akipanga mafungu ya makala, mikono myeusi hadi viwiko. Alicheka.

«Apana,» alisema. «Haikuenea. Lakini tulikula.»