Nilimcheka Bibi Yangu Akifanya Mazoezi, Leo Naomba Radhi

Mliozoea kuja hapa kusikia nani kaachana na nani, leo mtanivumilia kidogo. Staa wa stori ya leo ni bibi yangu, na anayeumbuka ni mimi mwenyewe. Majina sitaji, si la bibi wala la kijiji. Mjue tu ni Muleba, ndani ndani huko, ukishuka barabara ya Bukoba unapanda bodaboda na bado unatembea.

Bibi ana miaka 78. Ndo kanilea mimi na wenzangu watatu baada ya wazazi kufariki. Sisi wa Kagera hiyo stori hatuhadithiwi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania waligundulika mkoani kwetu mwaka 1983, na nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu tu, katikati hakuna mtu. Bibi alizika wanae, akaanza upya kunawisha watoto na kutafuta daftari.

Sasa bwana, wajukuu tukakua. Mmoja Mwanza, wawili Dar, mimi nilipomaliza fomu foo nikaja Bukoba mjini, nauza kava za simu na kufanya miamala. Tukajiona tumemkomboa bibi, maana kila mwezi tunamtumia chochote. Kumbe tulimwachia nyumba tupu, redio na mbuzi mmoja.

Nikimpigia alikuwa ana jibu moja tu. "Nipo tu, mume wangu." Nami nasema sawa bibi, nakata. Sikuwahi kujiuliza "nipo tu" maana yake nini.

Mwaka juzi akateleza mlangoni kwa jiko akaanguka. Mfupa haukuvunjika, ila moyo ndo ulivunjika. Akaogopa kutembea. Kanisani akaacha kwenda, msibani akaacha kwenda, na mnajua kwetu mtu asipoonekana msibani watu wanaanza kusema. Alikuwa anashinda kitandani mpaka saa nne asubuhi, mtu aliyekuwa anaamka kabla ya jogoo.

Aliyemtoa ndani ni jirani yake, naye mjane. Alikuja Jumatano moja akamwambia, "Vaa kitenge twende, kuna watu wanakuulizia." Akampeleka kwenye kikundi cha wazee, wako kumi na tisa, wanakutana saa kumi jioni chini ya mti karibu na shule. Mwenyekiti wao ni mwalimu mstaafu, anapuliza filimbi kama refa.

Nilienda kumsalimia bibi siku moja nikakuta kakesi kamefungwa, nyumba kimya. Nikapata wasiwasi. Nikaelekezwa kule kwenye mti. Jamani! Nikamkuta bibi yangu kasimama mguu mmoja kashika bega la mwenzake, anahesabu. Wengine wamekaa kwenye benchi wananyoosha mikono juu. Halafu wakafanya duara, wakarushiana mpira wa majani ya migomba, na kabla ya kurusha lazima uite jina la unayemrushia. Ukikosea jina watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Mi nikatoa simu nikarekodi. Nikaweka status, nikaandika "Bibi zetu na jim, Bongo kuna mambo" na vikatuni vya kucheka kama kumi. Watu wakaipenda sana. Wakaomba niwatumie, nikawatumia. Nikapanda haisi kurudi Bukoba nikijiona nimechekesha mji.

Baada ya siku nne bibi akanipigia yeye mwenyewe, na huwa hapigi, anaogopa kumaliza salio. Hakunisalimia. Akaniuliza, "Mume wangu, sisi ni wa kuchekwa?"

Ile video ilikuwa imezunguka kwenye magrupu ya watu ikamfikia mtoto wa mama mmoja kwenye kile kikundi. Huyo jamaa ana nafasi yake mjini, tuishie hapo. Akampigia mama yake kwa hasira, kwamba anamtia aibu, mtu mzima anarukaruka na mpira wa majani, watu watasema hamtunzi. Mama wa watu akaacha kwenda. Wengine nao wakaogopa kurekodiwa. Jumatano iliyofuata walikuja watano. Iliyofuata tena hakuja mtu, na bibi akarudi kitandani.

Sikulala siku hiyo. Nikaanza kusoma mambo ambayo ningeyasoma kabla ya kuchukua simu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima, mzee akiwemo, apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na wazee waongeze mazoezi ya kuujengea mwili usawa siku 3 kwa wiki, ili wasianguke. Kumbe kusimama mguu mmoja si kituko, ndo dawa yenyewe ya mtu aliyeteleza mlangoni kwa jiko.

Nikagundua pia kwamba Muleba hii hii ina historia yake. Shirika la Kwa Wazee lilianza kazi Nshamba mwaka 2003, likiwapa wazee pensheni ndogo kila mwezi na nyongeza kwa wanaolea wajukuu, na baadaye likawa na vikundi vya kusaidiana na mazoezi. Mwaka huo huo wa 2003 ndo serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee. Zanzibar wao tangu 2016 kila mkazi mzee aliyefikisha miaka 70 anaweza kupata pensheni hata kama hakuwahi kuajiriwa. Huku bara bibi yangu, aliyelima maisha yake yote, anategemea sisi. Na pale Korogocho, Nairobi, mabibi walijifunza mpaka kurusha ngumi ili kujikinga na wabakaji. Nani atawacheka wale?

Kuna watakaosema, bibi wa kijijini analima, mazoezi ya nini? Hata mi nilisema hivyo. Lakini ukilima unainama tu, upande ule ule, peke yako. Jembe haliiti jina lako. Pale kwenye mti kuna mtu anasema jina lako kwa sauti, anakusubiri uudake mpira. Wakimaliza wanakaa, wanatafuna kahawa, kila mtu anaweka shilingi 500 kwenye kopo, na asiyefika anatembelewa kesho yake kuulizwa kulikoni. Bibi akiugua usiku, mimi niko Bukoba, wao wako hatua hamsini.

Basi Jumamosi nikaenda. Nilibeba sukari na sabuni, nikapita nyumba kwa nyumba na yule mwalimu. Nilijua watanitukana. Hawakunitukana, na hiyo ndo iliuma zaidi. Mzee mmoja akaniambia, "Kijana, waitu, sisi tulikuwa tunajua tunachekesha. Tulikuwa tunachekeshana. Wewe ukaja ukauza kicheko chetu." Nikakosa la kusema.

Mwalimu akatoa hukumu. Jumatano nije, nifanye zoezi lote, na simu niiweke kwenye kopo la akiba. Nikaja. Nikasimama mguu mmoja, sekunde kumi na mbili nikapepesuka. Bibi alifika thelathini! Walinicheka wakapata nguvu, mmoja akauliza kama kuna mtu anirekodi. Siku hiyo walikuwa kumi na moja. Sa hivi wamefika kumi na nane.

Hesabu yenu iko sawa, mmoja hayupo. Ni yule mama aliyekatazwa na mwanae. Nilienda kwake kuomba radhi, akanipokea vizuri, akanipa na ndizi za kuondoka nazo. Nikamwambia rudi mama, wanakuulizia. Akasema, "Mwanangu ndiye ananilisha, nitafanyaje?" Nilimtafuta yule jamaa mjini, nikamweleza kosa ni langu, asimwadhibu mama yake. Akanijibu nisimfundishe kutunza mzazi. Wenzake wanamtembelea kila Alhamisi, lakini hatoki. Hilo sijalirekebisha, na sijui kama nitaweza. Video nilifuta kwangu, ila iliyotoka imetoka.

Kiukweli jamaa yule namwelewa kidogo. Sote tunaogopa kusemwa. Tunajenga, tunanunua sola, tunatuma elfu kumi, tunaona deni limeisha. Lakini mzazi hawezi kupiga stori na sola. Kama mama yako ana sehemu ya kucheka na wenzake kila Jumatano, mshukuru Mungu, na mnunulie raba.

Kwa mnaotaka kuanzisha kitu kama hiki kwenu, si gharama. Tafuta kivuli, benchi, siku moja isiyogongana na gulio wala kanisa, na mtu anayeheshimika wa kupuliza filimbi. Wasioweza kusimama wafanye wakiwa wamekaa. Mwenye presha au maumivu aulize kwanza zahanati. Na picha usipige mpaka uombe, na wakikataa, kubali.

Jana nimempigia bibi saa kumi na moja jioni. Hakupokea. Zamani ningeogopa. Nikakumbuka ni Jumatano. Alinipigia saa moja usiku, anahema, ananiambia kuna bibi mgeni kaja leo na hajui kudaka, kwa hiyo wameamua kumfundisha.

Haya, nami niambieni bila kunificha: wazazi na bibi zenu jioni wanakaa na nani? Kabla hujanijibu mimi, mpigie kwanza yeye.