Kiungo Kivujacho

Hasara kubwa huja kwa kishindo, na kila mtu hutoka nje kuitazama. Hasara ndogo huingia nyumbani bila kubisha hodi. Katika jamaa ya hizi ndogo limo tone la maji lidondokalo kwenye kiungo cha bomba. Mtu hulisikia, hutia bakuli chini yake, kisha huenda zake. Ningependa, msomaji wangu, tulitafakari tone hilo pamoja, maana lina mafunzo mawili: moja la mkono na jingine la akili.

Mimi ni mwalimu wa sayansi huko Merigi, katika Bomet, nchi ya vilima na majani chai. Mito ya Nyangores na Amala hushuka kutoka misitu ya Mau, huungana kuwa mto Mara, na mto Mara humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Hivyo maji yetu huishia kwa samaki, ingawa wazee wa Wakipsigis walikuwa watu wa ng'ombe na wimbi, wala si wa nyavu. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki katika sehemu nyingi za nchi, na vijana wengi wa bara wakaanza kumtazama samaki kwa jicho jipya. Kwa ajili ya vijana wa namna hiyo tunalo hodhi la kioo lenye perege katika chumba cha maabara. Liko ndani kwa sababu perege hupenda joto, na usiku wa Merigi una baridi kali.

Yafaa ujue jinsi hodhi hilo linavyoishi. Pampu ndogo huyapandisha maji katika pipa lenye kokoto. Juu ya kokoto hizo hukaa bakteria wasioonekana kwa macho, na kazi yao ni kuigeuza amonia, sumu itokayo kwa samaki wenyewe, kuwa kitu kisichowadhuru sana. Maji yaliyosafishwa hurudi hodhini kwa bomba la plastiki liitwalo PVC. Maji yakipungua hata kinywa cha pampu kikabaki wazi, pampu huvuta hewa, mzunguko husimama, na sumu hujikusanya. Kwa hiyo bomba hilo ni mshipa, na mshipa ukivuja mwili wote huwa mashakani.

Siku moja kiwiko cha bomba, pale lipindapo chini ya pipa, kilionekana kuvuja. Lilikuwa tone moja kila sekunde. Wako waliosema si kitu. Niliwaambia wanafunzi wachukue kalamu. Siku moja ina sekunde 86,400. Matone 20 hukaribia kuwa mililita 1. Basi tone hilo dogo lilikuwa likinywa zaidi ya lita 4 kwa siku, na kwa siku 30 karibu lita 130, yaani madumu 6 ya lita 20 na karibu nusu ya la 7. Wakati wa kiangazi madumu hayo hubebwa kutoka chemchemi kwa migongo ya wanafunzi wale wale. Hesabu ilipokwisha, hakuna aliyesema tena kwamba si kitu.

Yakafuata mashauri. Mmoja alitaka kiwiko kifungwe kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mwingine alitaka gundi ipakwe juu yake mpaka maji yakome. Wa tatu alitukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli, lakini yataka mtu ajue kwanza ufa uko wapi. Maji ni mjanja: hutoka mahali pamoja, hutambaa chini ya bomba, na hudondoka mahali pengine. Tulilikausha bomba kwa kitambaa, tukalisugua chaki pande zote, tukangoja. Chaki kavu ilibaki nyeupe, na mahali palipotokeza maji pakawa peusi. Palikuwa ni mdomo wa kiwiko, upande wa nyuma ambao hakuna aliyeutazama.

Sasa sikiliza sababu ya kuukataa ule mpira na ile gundi ya juu. Plastiki ya PVC ina historia ndefu. Mwaka 1872 mwanakemia Mjerumani, Eugen Baumann, aliona kitu kigumu cheupe kimejifanya ndani ya chupa zake zilizopigwa na jua. Lakini ilipita miaka mingi kabla watu hawajafanya mabomba kwa plastiki hiyo. Gundi ya mabomba haya si kama gundi ya karatasi, ambayo hukaa katikati ya vitu viwili kama mpatanishi. Gundi hii huyeyusha kidogo uso wa bomba na uso wa kiungo. Vikishindiliwa pamoja vingali laini, plastiki ya huku huingiana na plastiki ya huko, na dawa ikisha kuruka hewani, vitu viwili vimekuwa kitu kimoja. Kazi yote hufanyika ndani. Ukipaka nje, umeyapamba maji njia yao tu. Yatasukuma polepole mpaka yapate upenyo.

Kwa hiyo hapakuwa na budi kukata. Kukata bomba linaloonekana zima kulihuzunisha watu kuliko kuvuja kwenyewe! Samaki walihamishiwa katika pipa, pampu ikazimwa, na bomba likakatwa kwa msumeno, pembe mraba, mbali kidogo na kiwiko kibovu. Ncha zililainishwa kwa kisu na msasa. Kiwiko kipya na soketi vilijaribiwa vikavu kwanza, na alama ikatiwa kuonyesha bomba liingie kiasi gani. Madirisha yalifunguliwa wazi na moto ukawekwa mbali, kwa maana mvuke wa gundi hiyo ni mbaya kwa mapafu na huwaka upesi. Kisha gundi ilipakwa pande zote mbili, bomba likasukumwa ndani kwa kuzungushwa robo, likashikwa imara kwa kitambo.

Baada ya hapo ilibaki kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kungoja. Penye joto gundi hukauka upesi. Penye baridi hujivuta. Tuliiachia siku nzima na usiku wake. Wanafunzi wa bweni walipeana zamu kuchota maji ya pipa kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, ili yachanganyike na hewa. Baridi ile ile iliyochelewesha gundi iliwasaidia samaki, kwa kuwa maji baridi hushika hewa nyingi kuliko ya joto. Asubuhi ya pili bomba lilisuuzwa kwa maji safi, pampu ikawashwa, na chaki ikabaki nyeupe.

Tulipokipasua kile kiwiko kibovu, tuliona jambo la kukumbukwa. Upande mmoja bomba na kiwiko vilikuwa vimeshikana kabisa, hata msumeno haukuweza kuvitenga. Upande wa pili gundi haikufika. Kiungo kile kilianza kuharibika siku kilipofungwa, nacho kilikaa miezi mingi kikisifiwa.

Basi, kijana unisomaye, ukikutana na kitu kivujacho, kiwe bomba, hesabu za chama, au urafiki, usikimbilie kitambaa cha kufungia. Kausha kwanza, tafuta kwa utulivu mahali maji yanapotokea, na ukiona kosa liko ndani, uwe na ushujaa wa kukata. Na siku utakapounga upya, kumbuka kwamba kiungo kidumucho ni kile ambacho pande zote mbili zimekubali kulainika. Kisha ngoja kikauke.