Kodi ya Mwezi Mwandamo: Safari Yetu ya Sindo

Kwa sisi tuliozaliwa kando ya maji ya chumvi, kuliona ziwa kwa mara ya kwanza ni jambo la kuchanganya. Maji yanafika upeo wa macho kama ya kwetu, mawimbi yanapiga, mashua zimepangwa mchangani. Lakini hewa haina chumvi, na hakuna kupwa wala kujaa. Mzee mmoja tuliyeketi naye katika matatu kutoka Homa Bay alicheka tulipomwuliza maji hujaa saa ngapi. "Haya hayaendi popote," alisema. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: "Isipokuwa ule mwaka wa 2020."

Mwaka huo, mwezi wa Mei, Ziwa Viktoria lilipanda hadi mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, likaivuka rekodi ya mwaka 1964, na nyumba nyingi za ufuoni, Homa Bay na Migori, zikaingia maji. Tulimsikiliza mzee kwa makini kuliko alivyodhani, kwa kuwa nasi tuna nyumba upande huo.

Hatukwenda kutalii. Sisi ni wanawake kumi na mmoja wa chama kimoja cha Mombasa, na kwa miaka kadhaa sasa tuna vyumba nane vya kupangisha katika mji wa Sindo, Suba Kusini. Wanaosikia hutuuliza mbona mbali hivyo. Mwenzetu mmoja ni mzaliwa wa huko aliyeolewa Mombasa, na kiwanja ni chake, juu kidogo ya mji, mbali na maji. Mombasa fedha zetu zisingenunua hata kibaraza. Hatukukopa kwa riba. Tulichanga kila Ijumaa, tukajenga chumba baada ya chumba, na kazi ambayo ingemalizika kwa miezi sita ikachukua miaka miwili. Nani ana hisa ngapi, na kiwanja ni cha nani, yote yaliandikwa mbele ya wakili. Baadhi yetu waliona hilo ni kutoaminiana. Tuwaambie tu dada zetu wanaofikiria jambo kama hili: andikeni.

Safari hii tulikwenda watatu, ndugu wa kiume wa mmoja wetu akitusindikiza. Basi lilituvusha Nairobi usiku, tukalala Homa Bay, na asubuhi tukashika njia ya Mbita. Njia hiyo hulipita Bonde la Lambwe, iliko Hifadhi ya Ruma, makao ya mwisho nchini Kenya ya wale swala wakubwa waitwao korongo. Mbita ukitazama ng'ambo ya daraja unakiona kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya. Kutoka hapo barabara huelekea kusini, ziwa likiwa mkono wa kulia na vilima vya Gwassi vikikua mbele yako, hadi Sindo.

Mji wenyewe ni wa soko na samaki. Wasuba, ambao lugha yao ya asili ni ya Kibantu kama yetu, leo wengi wao huzungumza Dholuo, lakini sokoni Kiswahili hakikutupungukia. Ufuoni dagaa, ambao huko huitwa omena, wameanikwa juu ya nyavu kuukuu kama mikeka ya fedha, na wanawake wanapita kati wakiwageuza kwa mikono, huku yangeyange wakisubiri nafasi ya kuiba. Wanawake hao ndio wapangaji wetu. Kati ya vyumba nane, vitano vinakaliwa na wachuuzi wa omena au wavuvi, viwili na walimu, na kimoja na fundi wa mashine za mashua. Kodi ni shilingi 2,000 kwa mwezi, hulipwa tarehe tano.

Tulifika plotini tarehe kumi, baada ya adhuhuri, na jambo la kwanza kuliona lilikuwa kufuli. Lilikuwa kubwa, jipya, limetiwa juu ya komeo la mlango wa chumba cha tatu, na kufuli dogo la mwenye chumba likining'inia chini yake. Mpangaji, mama wa makamo, alikuwa ameketi barazani na mabeseni yake matatu na mtoto mmoja. Alikuwa amelala kwa jirani siku mbili. Nguo zake, unga wake na madaftari ya mtoto vilikuwa ndani.

Msimamizi wetu, ambaye wapangaji humwita keateka, alitupokea kwa fahari. Alidhani tutamsifu. Na kwa haki tuseme kwamba alitenda tulivyomwagiza: mwanzoni mwa mwaka sisi wenyewe, tukiwa Mombasa na vikombe vya chai mkononi, tulimwandikia ujumbe kwamba anayezidisha siku tatu afungiwe. Sentensi ile ilikuwa fupi sana. Hatukuwahi kumwona mtu akiishi ndani yake.

Kwanza tulifunguliwa macho na sheria. Sheria ya Kenya ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, huzilinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwenye nyumba haruhusiwi kumtoa mpangaji wa nyumba hiyo, wala kuzuia mali yake kwa ajili ya deni, pasipo idhini ya baraza linalohusika. Wengi wetu tunaopangisha vyumba vya bei ndogo hatuijui sheria hii, na wapangaji wetu hawaijui zaidi. Kufuli lile halikuwa haki yetu hata kidogo. Liliondolewa kabla ya alasiri.

Kisha tukakaa naye barazani. Tulitazamia maombi, au hasira. Alitueleza mambo kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Mama, mimi sikatai kulipa," alimwambia mkubwa wetu. "Lakini mwezi ulikuwa mkubwa. Kukiwa na mwezi hakuna omena."

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki wakaifuata nuru, na nyavu zikawazunguka. Mwezi mpevu ukitanda juu ya ziwa, taa hazina kazi. Mashua hupumzika, na mwanamke aliye ufuoni na mabeseni hana cha kununua wala cha kuanika. Watu wa Pwani hatukuhitaji kuambiwa mara mbili. Wavuvi wetu wa dagaa nao husubiri giza. Tulilijua jambo hili tangu utotoni, na bado tuliandika tarehe tano katika mkataba.

"Lakini mwaka jana ulilipa vizuri," tulimwambia.

"Mwaka jana giza lilikuwa linaangukia mwisho wa mwezi. Mwaka huu limehama."

Usiku ule mweka hazina wetu alifungua daftari, na sisi tukafungua kalenda ya Hijria katika simu. Alikuwa amesema kweli. Mwezi wa mwandamo una siku 29 au 30, na miezi kumi na miwili yake hufanya siku 354 hivi. Kwa hiyo giza husogea nyuma siku kumi na moja kila mwaka dhidi ya kalenda ya ukutani. Mwaka uliopita mwezi ulikuwa ukiandama karibu na tarehe mosi, na wachuuzi wote wanne walilipa kwa wakati, fedha ikiwa mkononi. Mwaka huu mwezi mpevu uliangukia siku zile zile za malipo, na wote wanne wakaanza kuchelewa, karibu kila mwezi. Katika kikao chetu cha Mombasa tulikuwa tumesema kwamba watu wa Sindo wameharibika. Maneno hayo yamo katika kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko mzuri.

Sisi ambao hufunga na kufungua kwa mwezi, tunaosoma katika Suratul Baqara kwamba miandamo ni vipimo vya nyakati kwa ajili ya watu, tulikuwa tumemfungia mtu chumba kwa kosa la kufuata mwezi.

Ingekuwa rahisi kusimulia kwamba tulisamehe deni tukarudi nyumbani na nyoyo nyepesi. Tulitaka kufanya hivyo. Mmoja wetu alikwisha kulitamka neno. Lakini mali haikuwa yetu peke yetu. Kati ya wale kumi na mmoja yumo mjane aliyetia katika vyumba hivyo sehemu kubwa ya alichoachiwa, na fungu lake la kodi ndilo linalolipa ada za watoto wawili. Akichelewesha yeye, nao hurudishwa nyumbani. Tulimpigia simu baada ya swala ya isha. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mimi sina neno na huyo mama," alisema. "Lakini nipeni haki yangu kamili. Sadaka nitaitoa mwenyewe, nikitaka."

Tuliona haya. Mwenyezi Mungu ametuhimiza tumpe muda mdaiwa aliye katika dhiki, lakini muda huo hutolewa na anayedai, wala si na mshirika wake kwa niaba yake. Ukarimu wa kutumia fungu la mwenzio ni mwepesi mno kuutenda. Siku zile zile tulikuwa tumemkatalia mtu aliyetaka kukodi vyumba viwili vya mbele kwa bei maradufu ili auze pombe. Hilo halikutuchukua dakika mbili, na mjane wetu alikuwa wa kwanza kukataa. Huruma ya barazani ilikuwa ngumu kuliko lile.

Tukapanga hivi. Wapangaji wanaoishi kwa omena watalipa jioni ya mwezi tano wa Kiislamu, giza likiwa limepita na mauzo yakiwa mkononi. Fungu la mjane litatoka tarehe tano ya kalenda ya kawaida kama zamani, likitangulizwa kutoka katika akiba ya wale wengine kumi, nao watajirudishia kodi ikiingia.

Hapo mweka hazina akainua kalamu. Tukidai shilingi 2,000 kila mwandamo, alisema, tutakuwa tumeongeza kodi bila kumwambia mtu. Kwa mwaka mmoja wa jua miandamo ni kumi na miwili na theluthi na zaidi kidogo. Mpangaji aliyekuwa akilipa 24,000 kwa mwaka atajikuta amelipa 24,740 hivi. Ni hesabu ile ile ya wanaotoa zaka kwa mwaka wa jua, ambao asilimia yao hupanda kutoka 2.5 hadi karibu 2.577 ili kufidia siku zilizozidi. Mmoja wetu aliona ni udogo wa mambo, shilingi sitini kwa mwezi. Mwingine akamtajia Suratul Mutaffifin, na mjadala ukaishia hapo. Kodi ya mwandamo ikawa 1,940.

Tulipomweleza yule mama asubuhi yake alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, kisha akatutazama kama watu wasiojua biashara. Wapangaji wengine watatu walikubali papo hapo. Mvuvi alitaka kujua kwanza kama kuna ujanja. Walimu walikataa, kwa sababu mshahara wao haujali mwezi uko wapi angani, na tukawaacha katika tarehe zao. Fundi wa mashine alisema tumwandike popote, atalipa atakapolipa. Huyo bado tunazungumza naye. Keateka, ambaye sasa ana kalenda mbili ukutani, hajafurahi. (Kuhusu ushuru, kwa dada watakaouliza: tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote ya nyumba za kuishi, ikiwa jumla ya mwaka imezidi shilingi 288,000. Sisi hatujafika hapo.)

Tuliondoka Sindo Jumatatu. Kabla ya kupanda gari tulishuka ufuoni. Usiku uliotangulia tuliona taa chache mbali ziwani, za kwanza tangu tufike, kwani mwezi ulikuwa umeanza kuchelewa kuchomoza. Mpangaji wa chumba cha tatu alikuwa tayari majini hadi magotini, beseni kichwani, akishindania bei na mashua iliyokuwa ikiingia.

Mwezi uliofuata, jioni ya mwezi tano, simu ya mweka hazina ililia mara nne kabla ya magharibi. Ya tano haikulia. Mvuvi wetu alikuwa amehamia kisiwa cha Remba kufuata samaki, na ufunguo wake akauacha kwa yule mama wa chumba cha tatu, pamoja na shilingi elfu moja na ahadi.