Yule Staa Hakugoma Kushuti Paje, Kabureta Ndiyo Iligoma

Leo sina udaku mpya. Nina udaku wa zamani, na wengi wenu mlishausikia: staa mmoja wa kike wa Bongo Fleva alienda Zanzibar kushuti video, akafika lokesheni alfajiri, akaleta mapozi, akagoma kupanda usafiri aliokodiwa na watu wakarudi hotelini mikono mitupu. Mitandaoni alichambwa wiki nzima. "Amevimba kichwa", "hajui alikotoka", mara "ana masharti ya mganga". Jina silitaji, na mkilitaja huko chini nitafuta.

Mimi nilikuwepo. Tena mimi ndiye nilikuwa naendesha ule usafiri. Na sababu ya yule dada kuchambwa ni mimi.

Kabla sijaanza haya mambo ya kuandika, nilifanya kazi Paje, kwenye biashara ya kukodisha kwadi, zile pikipiki za matairi manne ambazo watalii wanapandia kwenye njia za vijijini. Kazi yangu ilikuwa kutembeza wageni na kuzifanyia usafi. Ufundi nilifundishwa na mzee mmoja wa palepale, nilikuwa namuita Ami. Kwadi za pwani zinateseka jamani. Chumvi inakula vyuma, vumbi la mchanga linaingia kila tundu, na wageni wanazipeleka kama wamezinunua.

Wiki tatu kabla ya hiyo shutingi, kwadi moja nyekundu ilianza kuvujisha petroli kwenye kabureta. Asubuhi unakuta chini pamelowa, harufu kali. Ami alinifundisha kwamba kabureta ikivuja usikimbilie kuifungua, kwanza tafuta inavujia wapi. Ukikuta petroli inapita kwenye maungio ya lile bakuli la chini, ujue mpira wa kuzibia umechoka au skrubu zimelegea. Ukiona inatoka kwenye kale kampira kembamba kanakoning'inia chini, bakuli limejaa kupita kiasi, kwa hiyo tatizo liko ndani.

Ndani mna boya, mafundi wanaliita floti. Kazi yake ni ileile ya boya la tangi la choo cha kuflashi. Petroli ikijaa, boya linapanda na kusukuma kisindano kinachoziba njia. Ikipungua, boya linashuka na njia inafunguka. Punje moja ya mchanga ikikaa kwenye ncha ya kisindano, hakizibi. Boya likitoboka na kuingiza petroli, linakuwa zito, halielei tena. Na kisindano kikizeeka, ncha yake inajichora alama ya duara kwa kugonga palepale kila siku, basi hata ukikisafisha vipi kitavuja tu.

Nilifungua ile ya kwadi nyekundu. Nikatikisa boya sikioni, halina kitu ndani. Nikaangalia kisindano: mchanga upo, na alama ya duara ipo, tena imeingia kabisa. Nikampigia bosi. Akanitumia shilingi elfu 40 kwenye simu ninunue mjini seti ya ripea, yaani kisindano kipya, kiti chake na mipira.

Hiyo hela niliila wadau.

Sitawapa stori ndefu kwamba mama alikuwa anaumwa. Kulikuwa na mechi, kulikuwa na washkaji, kulikuwa na mtoto mmoja wa Jambiani nataka kumtoa mtoko. Nikasafisha kisindano kilekile, nikapuliza njia za mafuta, nikafunga. Ikakaa siku mbili bila kuvuja. Nikamwambia bosi, "Tayari, nimeweka kipya."

Sasa ikaja ile kampani ya video. Walitaka kwadi 4, na nyekundu ndiyo ya staa kwa sababu inaendana na nguo. Paje iko mashariki, jua linatokea baharini, kwa hiyo dairekta alitaka lile jua la asubuhi. Staa akae juu ya kwadi, mimi naendesha nimeinama nisionekane sana, yeye ameshika fataki ya moshi wa rangi, ile inayowashwa na kutoa cheche.

Saa kumi na moja alfajiri tuko ufukweni, maji yametoka, kina mama wa mwani ndio kwanza wanateremka. Nimeiwasha nyekundu kwa tabu, inakohoa, moshi mweusi. Jana usiku nilisahau kufunga koki ya mafuta. Nikajisemea itachangamka ikipata moto.

Staa akaja, akanisalimia vizuri tu. "Kaka, shikamoo ya kazi," akacheka. Kabla hajapanda akasimama. Akasema, "Kaka, mbona nasikia harufu ya petroli?"

Nikasema ndivyo kwadi zilivyo. Akainama na tochi ya simu, akamulika chini. Tone, tone, tone. Yanadondokea karibu kabisa na ekzosi.

"Hii inavuja. Mimi na moto mkononi sipandi hapa."

Hakupiga kelele wala hakutukana mtu. Dairekta ndiye aliyepandisha mashetani: jua linakuja, bajeti, dada usituzingue. Akanigeukia mimi. "We fundi, si salama hii?"

Watu kama 10 wananiangalia. Nilikuwa najua kabisa kwamba petroli inayoonekana siyo ya kuogopwa peke yake, ule mvuke wake usioonekana ndio unaodaka cheche. Najua na kwa nini inavuja. Lakini nikisema "sio salama", bosi atauliza kisindano kipya kiko wapi. Nikajibu, "Mchanga tu, dakika mbili."

Nikazima injini, nikafunga koki, nikagonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Hiyo mbinu ni ya kweli, kisindano kikiwa kimekwama kinaweza kurudi mahali pake. Ikaacha. Dairekta akapiga makofi. Staa akasema, "Fungua koki tusubiri kidogo." Nikafungua. Dakika mbili hazikuisha, tone.

Ikabidi nifungue kabureta palepale, yeye mwenyewe amenishikia tochi. Nikamwaga petroli ya bakuli kwenye chupa, nikatoa boya, nikatoa kisindano. Akauliza, "Hicho ndicho kibovu?" Nikasema kimeingia mchanga. Akakiangalia vizuri halafu akaniangalia mimi. Nahisi alijua.

Kulikuwa na kwadi nyingine mbovu kambini, ya aina ileile. Nikakimbia nikachomoa kisindano chake, nikafunga, haikuvuja tena. Nikashukuru Mungu. Kisha nikakumbuka kitu kimoja ambacho Ami alikuwa anakirudia kila siku: kabureta ikivuja usiku kucha, angalia oili kabla ya kuwasha. Mimi nilikuwa nimeshawasha. Nikachomoa kijiti cha oili. Kimepita alama ya juu, ni laini kama maji, kinanuka petroli. Maana yake mafuta yalishuka hadi ndani ya injini. Oili ikichanganyika hivyo hailainishi kitu, ukiipeleka mwendo injini inajila yenyewe. Oili mpya hatukuwa nayo, na duka lilikuwa bado halijafunguliwa.

Jua likatoka, zuri ajabu. Dairekta akafunga kamera, akasonya, akaondoka.

Bosi akapiga simu. "Kumetokea nini huko?"

Hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo. Nikasema, "Bosi, yule dada amegoma kupanda. Si unawajua mastaa hawa." Bosi akamwambia rafiki yake, huyo rafiki akamwambia mtu wa blogu, na nyie mengine mnayajua. Video ilitoka bila kwadi. Watu wakaandika chini yake, "Ungepanda hizo kwadi ingekuwa kali." Nilizisoma zote kitandani, nikaendelea kukaa kimya.

Mwezi uliofuata Ami alifungua ile kabureta kwa ajili ya usafi. Akakiona kisindano cha zamani nilichokiacha kwenye kopo la skrubu. Hakunisema mbele za watu. Aliniambia tu, "Mwanangu, elfu 40 umekula wewe, aliyekaribia kuungua ni mtoto wa mwenzio." Niliacha kazi mwenyewe kabla mwaka haujaisha. Bosi nimemrudishia hela yake na nimemweleza kila kitu. Alinitukana, halafu akacheka, halafu akanitukana tena. Hilo deni limeisha.

La yule dada halijaisha. Nimemtumia ujumbe mara mbili, sidhani kama anasoma, anapata meseji nyingi. Ndiyo maana naandika hapa ambapo alichambwa. Dada, hukuringa. Ulinusa petroli, ukauliza, ukakataa, na ulikuwa sahihi kuliko sisi wote pale ufukweni. Nisamehe.

Na nyie mnaokwenda kukodi kwadi wikiendi, kabla hamjapanda inameni mwangalie chini. Kama pamelowa na pananuka, kataeni, hata kama kuna foleni nyuma yenu na mwenye kwadi anawaambia ni mchanga tu. Mkiitwa waringaji, sawa.

Sasa semeni huko chini: ushawahi kumwacha mtu achafuliwe jina kwa kosa lako? Ulimwambia, au bado umekaa kimya?